Kitufe cha Kupeleka Mbele

Dukani, tarehe 4 Februari

Mjomba,

Kabla hata ya shikamoo, pokea habari kubwa: kuanzia mwezi huu hakuna binadamu anayetembea kwa miguu miwili anayejua filamu za majini, mazimwi na wachawi kunishinda mimi. Kungekuwa na chuo kikuu cha filamu hizo, mimi ningekuwa mkuu wa chuo, mwalimu na mlinzi wa getini, na wasomi wenye miwani wangepanga foleni nje wakiwa wamevua viatu. Haya, sasa shikamoo.

Siringi, nasema kweli. Tajiri ameniachia kompyuta yote ya duka. Mteja akiingia na flashi yake haulizi tena mwenye duka yuko wapi, anauliza kama Profesa yupo. Nikitokea namtazama usoni kama daktari. Huyu ameachwa na mchumba: namwekea ya mchawi anayegeuza wanaume kuwa mbuzi. Huyu ana watoto wanaomsumbua: namwekea ya joka. Huyu amevaa tai: huyo namwekea yoyote yenye maandishi chini, atalala, na kesho atarudi kuniambia ina maana nzito. Na wewe ndiye uliyesema nikiacha shule nitazeeka nikisukuma mkokoteni.

Najua huko bwawani mnalinda pampu na kutazamana, mtandao haufiki, na kwenye ile televisheni yenu ya sola mnarudia mechi ambazo wachezaji wake sasa wana wajukuu. Basi nimempa dereva wa lori la dizeli flashi hii. Ndani kuna filamu mbili.

Ya kwanza ni Jini la Birika. Hiyo ni dawa. Jini anaishi ndani ya birika, familia inataka chai, yeye hataki kutoka kwa sababu nje kuna baridi. Ndiyo filamu nzima. Walioitengeneza hawakuwa na hela hata ya moshi, kwa hiyo jini akitokea unamwona mtu nyuma ya mlango anapuliza unga. Ndevu zake zinadondoka katikati ya maneno, anaziokota, anaendelea kutisha. Nilicheka mpaka Tajiri akaja kuangalia kama nimeshikwa na umeme. Kipimo changu ni kimoja tu, Mjomba: mtu akiweza kusinzia, filamu ni mbovu. Hii hausinzii.

Ya pili ni ya wakubwa, Fundi Saa na Kivuli Chake. Nzito, ya kisomi, inasemekana ilipewa tuzo na watu wasiocheka. Fundi anagombana na kivuli chake, kivuli kinahama nyumba. Mwisho kinarudi na kumuua kwa bisibisi, damu mpaka dirishani. Kazi bora kabisa. Nimeitazama mara mbili.

Jingine: Tajiri amefufua deki ya zamani ya mikanda. Watu wanaleta mikanda ya harusi zao, wengine hata ndoa yenyewe imeshakufa, tunaihamishia kwenye flashi. Fundi mkuu wa kazi hiyo unamjua ni nani.

Bibi hajambo. Macho yake ndiyo hayo, siku hizi uzi anautia kwenye sindano kwa kupapasa. Barua zako namsomea mimi, kwa sauti, neno kwa neno. Anasema ule vizuri na uache kujifanya kijana.

Mpwa wako,
Profesa


Bwawani, tarehe 20 Februari

Mpwa wangu Kelele,

Marahaba. Hilo la Profesa utalitumia na wateja wako. Mimi nilikupa jina la Kelele ukiwa bado unabebwa, na sijaona sababu ya kulibadilisha.

Mama, shikamoo. Najua uko hapo unasikiliza, na huyu anakusomea kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Mimi ni mzima. Ninakula.

Jini la Birika tuliitazama wote watatu, mpishi, fundi wa pampu na mimi. Mpishi sasa kila akibandika birika anagonga mfuniko kwanza na kuomba ruhusa. Lakini kipimo chako hakifai. Hata jino likiuma hausinzii, na hakuna anayeliita filamu nzuri. Mimi nimeipenda kwa jambo jingine. Kuna mahali baba wa nyumba anakuja kumbembeleza jini, taa imewekwa sakafuni, na kivuli cha birika kinapanda ukutani mpaka kinakuwa kikubwa kuliko yule baba. Aliyeweka taa ile alikuwa na akili. Unga na ndevu ni umaskini tu, na umaskini si kosa. Nilikuwa fundi wa taa wa watu wa filamu kabla hujaota jino, umaskini huo naufahamu.

Sasa Fundi Saa. Tulikaa mpaka mwisho, mimi nikisubiri bisibisi yako. Hakuna bisibisi. Hakuna damu. Kivuli kinazeeka kabla ya mwenyewe, kinashindwa kutembea, na fundi anakibeba mgongoni kama mgonjwa, anapanda nacho kilima mpaka jua linapozama na wote wawili wanatoweka. Fundi wa pampu alitoka nje akasema anakwenda kusikiliza mashine, na mashine ilikuwa imezimwa. Kelele, wewe hukufika mwisho. Uliona bisibisi mezani mwanzoni ukajitungia yaliyobaki. Sikukasirika. Niliona aibu tu, maana nilikuwa nimewatangazia wenzangu kwamba mpwa wangu ameitazama mara mbili, na walikuwa wananitazama.

Lakini hiyo deki imenifurahisha kuliko unavyodhani. Dereva atakukabidhi mkanda uliofungwa kwenye taulo. Filamu inaitwa Ziwa Lisilorudisha. Niliifanyia kazi. Kuna kijiji na ziwa lake, na kila anayekunywa yale maji anapoteza sura yake: akiinama haoni uso, anaona mawingu tu. Filamu nzima ni watu wanaokwenda ziwani kujitafuta. Haina joka, haina upanga. Vijana wa vyuoni wanaijua kwa jina na wanajifanya wameiona. Mwongozaji alinipa nakala hii kwa mkono wake. Baadaye nilipoulizia nyingine niliambiwa ghala lao liliingia maji, na sijasikia tena kwamba ipo popote.

Nimekaa na mkanda huu miaka yote nikisubiri mambo mawili: wewe ukue, na ipatikane mashine ya kuusoma. Kwa hiyo fanya hivi. Iwashe kompyuta irekodi, kisha utazame peke yako, mwanzo mpaka mwisho. Kitufe cha kupeleka mbele usikiguse. Mkanda umezeeka, ukiukimbiza deki itautafuna. Kuna mahali pale ziwani utaona kama hakuna kinachotokea. Hapo ndipo ukae. Kisha uniandikie umeona nini, na uniletee nakala kwenye flashi.

Siwezi kusema zaidi ya hapo. Mama anajua nikisema siwezi nina maana gani.

Mjomba wako


Dukani, tarehe 12 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hilo la bisibisi tulizike, tafadhali, na tusiweke hata jiwe juu. Mtu anayetazama filamu nyingi kama mimi kichwa chake ni kabati la familia kubwa, ukivuta shati la huyu inatoka suruali ya yule. Ila nakiri nilipofika kwenye neno aibu wakati namsomea Bibi, nililiruka. Akasema nirudi nyuma, hapo nimemeza kitu. Nikarudi.

Mkanda ulifika salama ndani ya taulo lake kama mtoto mchanga. Bibi aliposikia jina la filamu aliniambia nilitaje tena. Nikalitaja. Akasema jua limekuwa kali, akabeba kiti chake akaingia ndani, na jua lenyewe lilikuwa limeshahamia upande wa jirani. Wazee mna mambo yenu.

Nimeutazama. Wote. Peke yangu, mlango nimefunga, Tajiri akigonga namwambia niko darasani. Sasa nakupa uchambuzi wa kitaalamu. Kosa la mwongozaji ni kwamba wanaoinama wamezidi, wengine ungedhani wamedondosha funguo. Angepunguza nusu. Na yule mzee wa mwanzo anayegonga milango angepewa hata fimbo ya kichawi kidogo, isigharimu sana. Lakini taa zako, Mjomba, acha. Maji yanaonekana kama yana mtu chini anayashikilia yasitikisike.

Na pale ziwani, yule mwanamke. Nisikudanganye, nilitoa machozi. Mimi, mwenye moyo kama kufuli la benki. Nilijifuta kwa shati. Sikujua mtu anaweza kusimama tu ukingoni mwa maji na wewe uliyekaa kwenye stuli ukaishiwa maneno. Nilikaa pale kama ulivyoniambia, mpaka mwisho wake. Usiwaambie wateja wangu.

Flashi yenye nakala haijapanda lori hili kwa sababu deki inaumwa kichwa, tunaisafisha. Safari ijayo utaipata bila shaka. Kwa sasa nimekuwekea Joka la Mabati, ya kuchekesha, joka limetengenezwa kwa bati la paa na likipiga chafya linatoa misumari. Hii nimeitazama mpaka yanapoanza majina ya wapishi.

Duka limependeza siku hizi. Nimebuni pazia la mlangoni kwa tepe za mikanda iliyokufa, nimezikata ndefu ndefu, zinang'aa na kucheza na upepo, nzi hawathubutu. Kila mteja lazima azipangue kwa mkono ndipo aingie, kama mfalme anaingia ikulu. Tajiri amesema kwa mara ya kwanza nimefanya jambo la maana.

Mpwa wako,
Profesa, hata ukikataa


Bwawani, tarehe 2 Aprili

Mpwa wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama pale lori linaposhushia dizeli, kisha nikaisoma tena nimekaa. Dereva aliniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, kinyume chake.

Umemwona. Basi nimefunguliwa.

Mama, nisamehe. Najua unasikiliza, nami sitaki kukwepa masikio yako. Uliniapisha nisimtaje kwa huyu mtoto, si kwa mdomo wala kwa kalamu, nami nimekaa na kiapo hicho. Sikuapa kuhusu macho yake. Mtoto amejionea mwenyewe, amelia mwenyewe, bila mimi kumwambia lolote. Sasa acha niseme.

Kelele, yule mwanamke wa ziwani ni mama yako.

Nilidhani utakuwa umemjua, kwa namna unavyoandika. Pengine moyo ulijua, kichwa kikachelewa. Ukitaka uhakika, itazame shingo yake kisha ujitazame kwenye kioo.

Ilikuwa hivi. Watu wa filamu walikosa mwanamke wa kusimama ziwani asubuhi ile, aliyepangwa hakufika. Nilikuwa na dada nyumbani aliyekuwa akiniuliza kila siku kazi ya taa ikoje. Nikamchukua, na wewe mgongoni mwake, tukaondoka bila kumuaga Mama. Mwongozaji alimwambia ainame na kujitafuta kwenye maji, basi. Hakumwambia aache lini. Dada akaanza kujitafuta kweli, akasahau kwamba kuna kamera, na mwongozaji akatuonyesha kwa mkono tusipumue. Ndiyo maana ni ndefu vile. Mimi nilikuwa nyuma ya kamera, taa mkono huu, wewe mkono huu. Ukapiga kelele. Hapo ndipo jina lako lilipotoka.

Umeona anapogeuka na kucheka? Wasomi wameandika kwamba anaicheka dunia. Anakucheka wewe, Kelele. Mwongozaji alisema kelele zako atazitoa, kicheko hicho hatakitoa.

Tuliporudi maneno ya majirani yalikuwa yameshafika nyumbani kabla yetu, kwamba binti amepeleka mtoto kwa watu wa filamu, na kwamba wanawake wa filamu wanajulikana. Mama alikasirika, akachana kila picha ya dada iliyokuwa ndani. Hakujua kwamba homa itamchukua dada kabla mvua hazijaisha. Hakuna aliyejua. Baada ya hapo hakuweza kumtaja, akataka na sisi tusimtaje, nami nikakubali kwa sababu ndimi niliyemchukua asubuhi ile. Aibu hiyo ni yangu, Mama, si yako. Nimeishi nayo huku kwenye pampu ambako hakuna wa kuniuliza.

Kwa hiyo uso wa dada yangu haupo popote duniani ila ndani ya taulo lile. Nimewaambia mpishi na fundi wa pampu. Mpishi ameosha kioo cha televisheni. Lete flashi.

Mjomba wako


Dukani, tarehe 21 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Lori lililopita nilimwambia dereva kwamba sina kitu cha kupeleka. Hakuamini, akasubiri kidogo akipiga honi. Nilikuwa nyuma ya kaunta nimejikunyata mpaka alipoondoka.

Barua yako nilimsomea Bibi palepale barazani, kwa ile sauti yangu ya redio. Nilifika kwenye yale maneno "mama yako" bado niko na sauti ileile, sentensi ikapita ndipo masikio yakanyanyuka. Nikashusha karatasi. Bibi alikuwa anachambua mchele, mkono ukasimama juu ya ungo. Nilidhani atanifukuza. Akasema niendelee kusoma. Nikaendelea, lakini kwa sauti ya mtu mwingine. Zile picha zilizochanwa, nilitaka kuruka, nikakumbuka kwamba anajua nikimeza kitu. Nikasoma.

Alisogeza ungo pembeni. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya kitu anachojua hawezi kukinunua:

"Kwenye hiyo filamu, anacheka vipi?"

Ningeweza kusema kweli pale, Mjomba. Njia ilikuwa wazi, hakuna mtu mwingine barazani. Nikasema anacheka kwa nguvu, Bibi, meno yote nje, mpaka mabega yanatikisika.

Bibi akatikisa kichwa. Akasema: "Mimi nilizoea kumwona akifunika mdomo. Alikuwa na pengo, akiona haya nalo. Basi siku hiyo alifurahi kweli, mwanangu."

Umeona? Hakunishuku. Nimemkuta amemkumbuka mwanawe miaka yote na mkono mdomoni, nami kwa uongo wa dakika moja nimemtoa mkono huo. Sasa anatembea na kicheko nilichokibuni mimi. Tangu siku hiyo ananiuliza deki itapona lini, nimletee nyumbani, akae nayo karibu, hata akiona kivuli tu kitamtosha. Amefua kile kitambaa cha meza cha wageni.

Deki haijawahi kuumwa, Mjomba.

Siku mkanda ulipofika duka lilijaa. Kulikuwa na mama mmoja na mikanda ya harusi ya binti yake, ananihimiza kama yeye ndiye anayeolewa. Nikajiambia nitautazama wako harakaharaka, nijue hadithi, nikuandikie, halafu nitaurudia kwa utulivu. Kompyuta sikuiwasha irekodi. Nilitazama yule mzee anagonga milango, nikapiga miayo. Watu wakaanza kuinama, nikatazama mlangoni. Nikaweka kidole kwenye kitufe cha kupeleka mbele.

Hukunificha kitu, ulishaniambia deki itautafuna. Iliutafuna. Ilitoa sauti kama mtu anayekunja karatasi, nikafungua, utepe umejisokota kwenye vyuma kama utumbo. Nilivuta. Nilivyovuta ukazidi. Yule mama ananiuliza kuna nini, namwambia hakuna, ni kazi ya kawaida ya kitaalamu. Nikachukua mkasi, nikakata pale palipoharibika, sehemu ndefu, nikaunganisha ncha kwa selotepu, nikaurudisha kwenye taulo. Nikajisifu moyoni kwamba hakuna daktari anayeshona vile. Nilisema kitu chenyewe ni sehemu ya kuinama tu, zimebaki nyingi.

Na kile kipande sikukitupa. Kilikuwa kinang'aa. Nilikikata vipande vya urefu wa mlango, nikavichanganya na tepe za mikanda mingine iliyokufa, nikafunga kwenye ubao juu ya kizingiti. Ndilo lile pazia nililokusifia. Nilikuandikia kwa mkono wangu kwamba kila mteja anapita akizipangua.

Barua yako ilipoisha, na Bibi alipoanza kuchambua tena mchele, nilitoka nikikimbia. Pale dukani kulikuwa na mtoto wa jirani amevuta tepe moja, amefungia kishada chake, kimeshakwama kwenye waya wa umeme. Nililishusha pazia lote. Tajiri akasema nzi wataingia. Nilizitandaza sakafuni, Mjomba. Zote ni za rangi moja. Zote zinang'aa. Nilizishika moja moja nikiziinua kwenye mwanga, kana kwamba uso ungejitokeza, na mimi ndiye ninayejiita fundi mkuu, najua fika kwamba kwenye utepe wa video huoni kitu kwa macho. Huyu ni mama yangu, au ni bwana harusi wa mtu. Sikuweza kujua.

Nilizipeleka kwa fundi mzee wa deki kule nyuma ya soko la vitambaa. Alizigusa kwa kucha, akaniuliza nani alizikunja hivi. Nikasema mteja. Akasema huyo mteja hana adabu. Zilizokunjika zimekwisha, nyingine zimepauka kwa jua la mlangoni. Amesema atajaribu, akipata hata kupepesa jicho moja nishukuru, ila nisimwambie mtu yeyote anisubiri.

Baada ya hapo nilifanya ulichoniomba, nikiwa nimechelewa. Niliwasha kompyuta irekodi, nikautazama mkanda wako mwanzo mpaka mwisho, mikono nimeikalia ili isiguse kitu. Nakupa uchambuzi, na huu ni wa kweli. Nilikosea kuhusu wanaoinama. Hawajazidi. Ukikaa unaanza kuona kila mmoja anainama kivyake: yule mwalimu anajikohoza kwanza, yule msichana anarekebisha nywele ingawa anajua hataona kitu. Mzee wa milango hahitaji fimbo. Anagonga kwa sababu anadhani labda sura yake imeingia nyumba ya mtu. Taa zako kwenye maji sikuzisifu vya kutosha, na zile nilizozisifu nilikuwa nimeziona kwa sekunde. Halafu ukungu unafunguka, ukingo wa ziwa unaonekana, ni asubuhi, maji yametulia kama yanamngoja mtu. Hapo inaruka. Selotepu yangu inapita, mstari mweupe, na tayari tuko ndani ya nyumba, watu wanakula, mmoja anauliza kwani yule mwanamke aliona nini kule.

Ni filamu nzuri kuliko zote nilizowahi kuuza, na mimi nimeitoboa tundu palepale.

Nakala hiyo ndiyo iko kwenye flashi hii. Mwambie mpishi kioo amekiosha bure, au umwambie lolote unaloona, mimi sina tena uso wa kukupangia maneno. Bibi sijamwambia. Nitamwambia barua hii ikishapanda lori, ili nisiweze kuirudisha na kuandika nyingine. Hicho kiapo chako ulikibeba kwa kosa dogo sana, Mjomba. Ulimpeleka dada yako akaonekane. Mimi ndiye niliyemfuta.

Bado kuna kitu. Nimeandika ukurasa huu wote nikikizunguka.

Nimekufanya uamini kwamba sikumwona. Nilimwona. Deki ile ukibonyeza kupeleka mbele picha haizimiki, inakimbia. Kabla haijautafuna utepe kulikuwa na mwanamke kwenye maji, mistari myeupe inampita usoni, anainama na kuinuka, anainama na kuinuka, kama kuku anadonoa. Yale yote uliyosema watu waliyatazama wakizuia pumzi, kwangu yalikuwa hivyo tu. Nilicheka. Nilimwita Tajiri aje aone kichekesho. Kisha yule mwanamke akageuka upande wangu. Mkono wake ulipita mdomoni, haraka, kama anafukuza nzi, kwa hiyo Bibi ndiye aliyekuwa sahihi. Aligeuka kunitazama, Mjomba, na mimi sikutoa kidole.

Kelele